Kilo ya Makofi

Kijiko kiligonga ukingo wa kikombe gizani, kikanyamaza, kisha kikaanza kuzunguka. Umeme ulikuwa umekatika kabla sijaivisha ugali, na kibatari kilikuwa kimeishiwa mafuta, lakini mkono ule niliujua. Hakuna mwingine mtaani kwetu Bondeni anayekoroga maji ya chumvi na sukari taratibu namna ile, kama anayembembeleza mtu aliyelala ndani ya kikombe. Alikuwa dada Siwema, mhudumu wa afya wa mtaa wetu, amekaa kwenye mkeka na mwanangu Jabu mapajani. Jabu alikuwa anaharisha tangu asubuhi.

"Amekula?" akauliza.

"Uji, vijiko viwili. Akautoa."

"Amekunywa?"

"Nikimpa anageuza uso."

"Amekojoa?"

"Toka mchana bado."

Hayo ndiyo maswali yake. Huyauliza kila nyumba, kwa mpangilio huo huo, kama mtu mwingine anavyopiga hodi. Binti yangu Tunu, ambaye hajaanza hata shule ya awali, ameyashika yote. Humuuliza mdoli wake, humuuliza paka, na siku moja alimuuliza mjumbe wetu, mbele ya wageni wake, kama amekojoa.

Tulikaa pale gizani, kijiko kwa kijiko. Jabu alikuwa hata machozi hana. Siwema alinipa kikombe nishike, akaniambia nisihesabu, nisali kama najua kusali, lakini mkono usisimame. Nikafanya hivyo. Baada ya muda mrefu Siwema akasema, "Haya, mama Tunu, kanga yangu imelowa," na nikaelewa kwamba mwanangu amemkojolea, na kwamba ataishi. Sijawahi kumfulia mtu kanga kwa furaha kama ile.

"Na wewe, dada, umekula?" nikamwuliza.

"Mimi nimeshiba. Juzi nimepokea mshahara."

Alisema hivyo bila kucheka. Lakini tumbo lake likanguruma kwa sauti hadi Tunu akadhani paka ameingia.

*

Msomaji wa nchi nyingine anaweza asielewe, kwa hiyo nieleze. Nchi yetu siitaji, si kwa woga, ila kwa kuwa jina lake liko kwenye matengenezo na wananchi tumeombwa tuvumilie.

Hapo zamani wahudumu wa afya wa mitaani hawakulipwa kitu. Waliitwa wa kujitolea. Walitembea nyumba kwa nyumba, walipima homa, walipeleka wajawazito kliniki, na Serikali haikuwa na habari nao, kwa kuwa hawakuwahi kuugua. Kisha wakaja wageni kutoka nje, wakawasifu, na Serikali ikaona aibu kusifiwa kwa kitu isichokijua. Mheshimiwa Waziri wa Afya na Shukrani akaitisha mkutano katika kiwanja cha mpira. Akawaita wahudumu wote mbele. Akasema: "Hawa ndio uti wa mgongo wa taifa. Wapigieni makofi ya kilo."

Umati ukapiga. Wahudumu, kwa kuwa wamelelewa vizuri, wakatabasamu.

Mtaalamu mmoja aliyekaa nyuma ya Waziri akaandika: *wametabasamu.* Hapo ndipo sera ilipozaliwa. Kamati ilipelekwa kwenye hoteli moja ya mlimani, penye baridi inayosaidia kufikiri, ikafikiri mwaka mzima, ikarudi imenenepa na jibu: mtu anayetabasamu ana kila anachohitaji. Tangu siku hiyo wahudumu wa afya wa nchi yetu wanalipwa makofi.

Wala si jambo geni. Makofi sisi tumekua nayo. Shuleni mwenzio akijibu vizuri mwalimu husema mpigieni makofi ya soda, na darasa zima hufungua chupa hewani, humimina, hunywa, hutoa pumzi ya kuridhika. Kwenye harusi, kwenye vikoba, kwenye mahafali, ni makofi. Serikali iliyakuta yakizagaa bure, ikayapa thamani. Mhudumu mwenye cheti hulipwa kilo moja kwa mwezi. Asiye na cheti, nusu kilo. Sikukuu, makofi ya soda. Ili pasiwe na wizi, Wizara ilinunua mizani ya bucha, na mpiga makofi hupigia juu ya sahani ya mizani, mbele ya shahidi.

Makato yapo, kama kwenye mshahara wowote wa kistaarabu. Kuna kofi la bima, kofi la sherehe za kitaifa, na kofi la pensheni. La pensheni hupigwa chumbani, mlango umefungwa. Utalisikia ukizeeka.

Wapiga makofi wenyewe ni watumishi wa kudumu. Wanalipwa fedha, wana nyumba, wana posho ya viganja na mafuta ya kujipaka. Mbunge mmoja aliuliza kwa nini. Mheshimiwa Waziri akamjibu kwa upole, kama mzazi: "Anayepiga makofi anafanya kazi. Anayepigiwa amesimama tu."

Bunge likampigia makofi, na yale yakaingia kwenye marupurupu yake.

Mwalimu wetu wa darasa la jioni alituambia tutunge sentensi yenye neno *mshahara*. Mama mmoja aliyekaa nyuma akasimama, akapiga kofi moja, akakaa. Alipata alama zote.

*

Sheria inasema makofi yapokelewe madukani kama malipo halali. Mwanzoni yalipokelewa. Nilikuwepo siku Siwema alipoingia dukani kwa Baba Shufaa na nusu kilo yake ya kwanza, akaomba unga.

Baba Shufaa ni mtu mzima, mpole, ana kofia ambayo huivua akitaka kukunyima kitu. Siku ile hakuivua. Alimpimia unga, akamwongezea na chumvi. Mwezi uliofuata alikwenda kwa muuza jumla mjini kununua mzigo, akasimama mbele ya kaunta akapiga makofi ya kilo mbili na robo. Muuza jumla akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwuliza kama hajisikii vizuri.

Siwema aliporudi dukani, kofia ilikuwa imeshavuliwa.

"Mwanangu," Baba Shufaa akasema, "mimi nakupigia. Umenitibia mjukuu, nitakupigia mpaka nife. Lakini unga unatoka mashineni, na mashine haina masikio."

"Najua, Baba Shufaa."

"Usinichukie."

"Nikuchukie wewe kwani ndiye uliyesimama kiwanjani?"

"Nilikuwepo," akasema mzee, na sauti ikashuka. "Na mimi nilipiga. Nilidhani ni shukrani. Sikujua kama tunalipa."

Siwema akaondoka na mkoba wake wa buluu begani, ule wenye pakiti za chumvi, vipimo vya malaria na utepe wa rangi wa kupimia utapiamlo mikononi mwa watoto. Alikuwa na nyumba nne za kupitia kabla ya adhuhuri. Katika kila nyumba aliuliza: amekula, amekunywa, amekojoa. Wenye nyumba walimjibu vizuri. Mimi pia nilikuwa mmoja wao miaka yote hiyo, na swali la kwanza sikuwahi kumrudishia mpaka usiku ule wa Jabu. Mtu anayekuuliza kama umekula unadhani ametoka kula.

*

Ndipo likaja suala la cheti.

Serikali iligundua kwamba watu wengi wanapokea makofi bila mafunzo, na makofi yanapotea. Ikafungua chuo. Mafunzo ni ya miezi sita. Wanafunzi husoma historia ya kofi, aina za kofi, adabu ya kusimama, namna ya kuweka mkono wa kushoto kifuani na kuacha wa kulia umening'inia wazi, kiganja nje, kama ishara ya uaminifu. Magonjwa ya watoto yamepangiwa mchana wa siku ya mwisho, ambayo kwa bahati huwa ni sikukuu.

Mtihani ni wa vitendo. Unasimama mbele ya watu, unapigiwa kilo yako, halafu inafuata Dakika ya Upokeaji: kimya kabisa, ili makofi yaingie mwilini. Katika dakika hiyo hutakiwi kusema neno, wala kupiga miayo. Lakini kosa kubwa kuliko yote, lenye ukurasa wake mzima katika mwongozo, ni kutazama mkono. Anayetazama mkono wake baada ya makofi anaonyesha kwamba alitarajia kukuta kitu. Huyo hajaiva.

Siwema alikuwa amefeli. Mara zote, kosa hilo hilo.

"Sitaki kutazama," aliniambia akianika kanga yake uani kwangu. "Jicho linakwenda lenyewe, mama Tunu. Makofi yakiisha tu, linakwenda."

Haya yote yangekuwa ya kuchekesha tu, lakini ikatoka amri: ifikapo Siku ya Shukrani, mhudumu asiye na cheti arudishe mkoba. Mikoba itatunzwa ghalani isichakae. Wizara ilisema ni kwa usalama wa wagonjwa, maana haifai mgonjwa aponywe na mtu asiyetambulika.

Bondeni nzima tuna mkoba huo mmoja. Zahanati iko ng'ambo ya mto, na mto wetu una tabia zake. Nilimtazama Jabu, anatambaa, anajaribu kula kandambili, nikafikiria usiku ule wa kijiko bila kijiko.

"Safari hii utafaulu," nikamwambia. "Tutafanya mazoezi."

*

Wizara, ambayo haina roho mbaya hata kidogo, ilituletea mkufunzi. Aliitwa Bwana Mbaruku, Afisa Upokeaji wa Wilaya, mtu mnene, mwenye huruma, aliyefika na gari, dereva, na mpiga makofi wa daraja la tatu mwenye glavu za sufi za kutunza viganja. Wote watatu walikuwa na posho ya kuja, posho ya kukaa, na posho ya kurudi. Walikaa uani kwangu chini ya kamba ya nguo. Nikawakaangia mihogo.

"Binti yangu," Bwana Mbaruku alimwambia Siwema, "mimi nakupenda, ndiyo maana nilikufelisha. Sasa simama. Makofi yakiisha, tazama mbele. Fikiria kitu chenye hadhi. Bendera, kwa mfano."

Mpiga makofi akavua glavu, akapiga. Lazima niseme ukweli, alipiga vizuri. Hata kuku walisimama. Kikafuata kimya. Siwema alitazama mbele. Mbele kulikuwa na sahani ya mihogo. Jicho likaenda kwenye mihogo, likateremka, likatua kiganjani.

"Ametazama," akasema mpiga makofi, akavaa glavu.

Bwana Mbaruku akaguna. Akachukua kipande cha muhogo, akakila akifikiri. "Hebu lete hivyo viganja." Akavishika, akavigeuza. "Una viganja vizuri sana. Vikavu, vipana. Kwa nini usije upande wetu? Nafasi zipo. Mpiga makofi daraja la nne, chumba na sebule, mshahara kila mwisho wa mwezi. Wa fedha."

Nilikuwa nimeshika sahani. Naikumbuka ilivyokuwa nzito ghafla. Siwema alikuwa ametazama ukuta wa jirani. Haki ya kumwambia akatae sikuwa nayo, na ya kumwambia akubali sikutaka kuwa nayo.

"Na watoto wa Bondeni?" Siwema akauliza.

"Watoto," akasema Bwana Mbaruku kwa masikitiko ya kweli, "hawamo katika muundo."

"Basi nitafanya mtihani."

"Ukifeli nitauchukua mkoba mwenyewe. Nitauchukua nikilia, lakini nitauchukua."

Tunu alikuwa amesimama mlangoni na mdoli wake. Alimtazama Bwana Mbaruku kutoka kwenye viatu hadi kwenye tumbo. "Huyu amekula," akamwambia mdoli.

*

Siku ya Shukrani watu walijaa kiwanjani. Kulikuwa na hema la viongozi, na nyuma ya hema masufuria ya pilau, kwa ajili ya wapiga makofi na wageni waalikwa. Wahudumu walipangwa juani ili waonekane vizuri. Sisi akina mama wa Bondeni tulikaa mbele kabisa, chini, na vikapu vyetu, maana sherehe za nchi yetu huanza zikiwa zimechelewa na huisha zikijisikia, na mama mwenye mtoto hatoki nyumbani mikono mitupu. Siwema alinipa mkoba nimshikie. Tangu alfajiri alikuwa kwa mzazi mmoja aliyeshikwa na uchungu, na alitoka huko moja kwa moja.

"Umekula?" nikamwuliza.

"Nikimaliza."

Mheshimiwa Waziri alihutubia. Alisema nchi nyingi zinawalipa wahudumu wao fedha, na fedha hizo huisha. "Lakini nani," akauliza, "amewahi kusikia makofi yameisha?" Akasema yeye mwenyewe angetamani kulipwa makofi, ila cheo chake hakimruhusu kujipendelea. Akasema ana ndoto ya kuona siku moja hata dawa zinabadilishwa kuwa makofi, ambayo hayahitaji jokofu. Tukapiga. Msomaji asitulaumu, mikono imezoea.

Akaitwa Siwema. Alisimama katikati ya kiwanja, mkono wa kushoto kifuani, wa kulia umening'inia, kiganja nje. Wapiga makofi wakavua glavu. Mizani ikaletwa. Ilipigwa kilo kamili, na juu yake wakaongeza makofi ya soda kwa heshima ya siku: wakafungua, wakamimina, wakanywa, wakatoa pumzi ya kuridhika. Nilimwona Siwema akimeza mate.

Kisha Dakika ya Upokeaji. Kimya. Upepo ukageuka, ukaleta harufu ya pilau. Siwema alitazama mbele. Sijui alikuwa anafikiria bendera au nini, lakini jicho halikutikisika. Midomo ilikuwa imemkauka, na jicho likabaki pale pale. Bwana Mbaruku alikuwa ameshashika cheti, anatabasamu kama baba wa bibi harusi. Nikaanza kulia kwa furaha, kimyakimya, kufuata utaratibu.

Kwa sababu nilikuwa nalia sikumwona Tunu akitoka ubavuni kwangu.

Nilipomwona alikuwa ameshafika katikati, ana andazi lake mkononi, limeng'atwa upande mmoja. Alimtazama Siwema usoni. Akamwuliza kitu kwa sauti ya chini, na sikuhitaji kusikia ili nijue ni kipi. Siwema hakujibu, kwa kuwa mtihani hauruhusu. Tunu akasubiri kidogo, kama anavyosubiriwa mama aliyechanganyikiwa na homa ya mtoto. Halafu akaliweka andazi katika kile kiganja kilichokuwa wazi, akavifunga vidole kimoja kimoja.

Na Siwema akatazama mkono wake.

"Ametazama," akasema yule mpiga makofi wa daraja la tatu.

Bwana Mbaruku akakunja cheti. Alikuja kwangu polepole, machozi yanamtoka, kama alivyoahidi. "Mkoba, mama."

Ningempa. Sipingi Serikali. Lakini nilikuwa nimeukalia mkoba, na Jabu alikuwa amenilalia, na miguu imeingia ganzi. Nilimweleza hivyo. Nilimwambia ganzi yangu huchukua muda, pengine miaka. Mama aliyekaa kulia kwangu akasema na yeye ana ganzi, akasogea karibu. Wa kushoto pia. Ganzi ni ugonjwa unaoambukiza sana Bondeni.

Mheshimiwa Waziri aliona sherehe inaharibika. Yeye ni mtu wa haraka katika mambo ya umma. Akashika kipaza sauti akasema, "Mtoto mzuri huyu, mzalendo. Mpigieni makofi ya kilo."

Hakuna aliyepiga.

Si kwamba tuligoma. Mikono haikuwa na nafasi. Mmoja alikuwa anafungua kikapu, mwingine anamenya yai, mwingine ameshika kiazi cha moto anakipuliza, Baba Shufaa ameshika kofia yake iliyojaa karanga, na wote walikuwa wameinuka wanakwenda katikati ya kiwanja. Hata mpiga makofi wa daraja la tatu alionekana anatazama viganja vyake, mbele ya watu, na hakuna aliyemwandikia kosa.

Mheshimiwa akagonga kipaza sauti kwa kidole, akidhani ni hitilafu ya mitambo. Akateremka jukwaani, akafika hadi kwa Tunu, akainama.

"Mtoto, hawa watu wamepatwa na nini?"

Akamsogezea kipaza sauti mdomoni. Tunu alitazama kile kitu cheusi, akanitazama mimi, kisha akamtazama Waziri kwa ile subira ya mtu anayetoa maelezo ya dawa.

"Shangazi Siwema hajala."